Chini ya Jani



Kabichi inayopikwa kijijini Nainokanoka, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, imetoka mbali. Humo hifadhini kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa 1992, na tangu 2009 kimezuiwa tena. Kwa hiyo mahindi, maharage na mboga hupandishwa kutoka Karatu juu ya magari ya mizigo, hupita geti la Lodoare, huzunguka ukingo wa kreta hadi kwenye baridi ya mlima Olmoti. Mama ananunua kabichi yake, anakaa kwenye kigoda, anaanza kubandua majani ya nje. Jani la tatu analikuta limejaa vidukari, wamebanana kando ya mshipa, miili yao ina vumbi la kijivu. Haitupi kabichi. Anatoa palipoharibika, anaosha, anakata, na jioni watoto wanakula wanashiba.

Ninampenda mama huyo kwa utulivu wake. Wengi wetu tukiona dosari moja kwa mtu tunamtupa mzima mzima.

Lakini tuteremke Karatu kwa aliyeilima kabichi hiyo. Mkulima anayelijua shamba lake haamki na bomba la dawa mgongoni. Anaamka na macho. Anapita kati ya mistari ya mahindi yake, anainama, anageuza majani. Anamtafuta kiwavijeshi vamizi, yule aliyeingia nchini mwaka 2017. Nondo wake hutaga usiku, mayai 100 hadi 200 kwa fungu moja, na kuyafunika kwa manyoya mepesi. Yakionekana asubuhi hiyo, vidole viwili vinatosha kuyaponda. Yakiachwa siku chache tu, viwavi wanaanguliwa na kujichimbia katika moyo wa mmea wa mahindi, na kinyesi chao, kinachofanana na unga wa mbao, kinaziba njia. Hapo hata dawa kali haiwafikii vizuri. Mtoe mmoja umtazame: kwenye paji ana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yaliyokaa mraba. Akishamtambua, mkulima hanunui dawa kwa kubahatisha.

Nawe, mpendwa, ni lini huwa unageuza majani ya moyo wako? Lile neno ulilorushiwa Jumatatu, ukasema halijakuuma, umewahi kurudi kuliangalia? Siku ile lilikuwa dogo. Pengine lilihitaji dakika tano tu za kuketi na aliyelisema.

Kuna jambo jingine ambalo wakulima wetu wamejifunza kwa hasara. Nyanya ikinyauka, sababu ni nyingi. Huenda ni kiu. Huenda minyoo imeharibu mizizi. Huenda ni mnyauko bakteria, na mche umelegea ungali wa kijani. Maafisa ugani hufundisha kipimo kisichohitaji maabara: kata kipande cha shina karibu na udongo, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, usiitikise, subiri. Kama ni bakteria, baada ya dakika chache utaona uzi mweupe wa utomvu kama maziwa ukishuka taratibu kutoka kwenye mkato. Asiyesubiri hukimbilia dukani. Anapuliza dawa ya wadudu juu ya ugonjwa usio na mdudu, fedha inakwisha, na mche unakufa vilevile.

Nyumbani mara ngapi tumefanya hivyo? Mume amenyamaza wiki nzima, mke anasema ni kiburi, kumbe ni deni analoona aibu kulitaja. Kijana amekuwa mkali, tunamwombea roho ya ukaidi imtoke, na hakuna aliyemuuliza shuleni kuna nini. Upendo huuliza kwanza. Hukaa kando ya glasi bila kuitikisa.

Tena dawa ikipulizwa kwa hasira haichagui adui wala rafiki. Yule mdudu mwekundu mwenye madoa meusi anakula vidukari kutwa nzima. Ni rafiki wa mkulima. Ila mtoto wake ni mweusi, mrefu, ana miiba, havutii kabisa, na wengi humponda wakidhani ni adui, ingawa naye anakula vidukari vilevile. Nadhani katika kila ukoo na kila jumuiya yupo mtu wa namna hiyo: sura yake na maneno yake hayapendezi, na ndiye anayetulinda. Unamfahamu wako?

Sitakuficha kilicho kigumu. Mnyauko bakteria hauna dawa ya kuuponya. Mche hung'olewa na kuchomwa, jembe husafishwa, na pale pale hapapandwi nyanya, viazi, bilinganya wala pilipili kwa misimu kadhaa. Yapo mahusiano yaliyofika huko, hasa penye kipigo, na mtu akimwambia mama arudi kwa sababu amesamehe, anamtwisha mzigo ambao Bwana hakumtwisha. Unaweza kusamehe kwa moyo wote na bado usipande pale pale. Lakini kabla ya kung'oa, kumbuka mtunza shamba katika Luka 13. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu, mtini hauna tunda, anataka ukatwe. Mtunzaji anaomba mwaka mmoja zaidi, na haombi akae tu: ataupalilia na kuutilia samadi. Wa kuombewa mwaka zaidi ni wengi kuliko tunavyodhani, na yafaa anayeuomba awe tayari kuinama na jembe.

Ninamalizia na yule mkulima, maana uaminifu wake hauonekani. Kwenye kibandiko cha kila dawa iliyosajiliwa pameandikwa siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna. Nyanya zimeiva, kantangaze, nondo wa nyanya aliyeingia Arusha mwaka 2014, ametishia kuzimaliza, bei ni nzuri, gari la kupanda Ngorongoro limeegeshwa barabarani. Siku hazijatimia. Hakuna atakayejua, dawa haionekani kwenye ngozi ya nyanya wala haina ladha ya kumwonya mtoto. Anayesema hapana siku hiyo anampenda jirani ambaye hatamwona kamwe, mama wa kigodani kule Nainokanoka na watoto wake. Wiki hii ukienda gengeni, muulize muuzaji kwa upole mzigo ulipulizwa lini. Akijua, mshukuru, naye ampelekee mkulima shukrani zako. Asipojua, mwombe aulize atakapokwenda kuchukua mzigo mwingine.