Bustani ni ya Nani?

Tangu kale bustani huonyesha moyo wa mwenyewe. Kule Versailles, Ufaransa, André Le Nôtre alimpangia mfalme Louis XIV njia zilizonyoka na miti iliyokatwa sawasawa, ili kila ajaye aione enzi yake. Baadaye mabwana wa Uingereza walipenda vilima na maziwa yafananayo na maumbile, lakini bado mali yao wenyewe.

Mwaka 1847 mji wa Birkenhead, Uingereza, ulifungua bustani iliyojengwa kwa fedha za umma, maskini na tajiri wapite njia moja. Frederick Law Olmsted wa Marekani aliizuru mwaka 1850 akaistaajabia. Kisha yeye na Calvert Vaux wakachora Central Park ya New York.

Twaisifu kazi hiyo, maana maskini naye huhitaji kivuli. Lakini hapo kwanza palikuwa na kijiji cha Seneca, wakazi wake wengi Wamarekani weusi, wenye nyumba, shule na makanisa. Mwaka 1857 waliondolewa. Wenye viwanja walilipwa, ingawa baadhi walilalamika kuwa malipo hayakutosha.

Hapo twamkumbuka Nabothi (1 Wafalme 21). Ahabu naye alitaka bustani tu, tena kwa kulipa. Je, faida ya wengi yahalalisha machozi ya wachache? Twasema, hasha. Apangaye bustani ya wote hana budi kwanza kuwasikiliza wakaao pale, na kuwapatia makao, kabla ya kupanda mti wa kwanza.