Nembo na Rangi

Mtu anunuapo pikipiki iliyokwisha kutumika hupokea pamoja nayo majina na mapambo ya mwenye mali wa kwanza. Juu ya tangi pana nembo. Ubavuni pana vibandiko vya timu, vya misemo na vya mapenzi yasiyomhusu. Kutaka kuviondoa ni haki yake. Walakini haki hiyo ina swali ndani yake: je, aliye na haki ya kuondoa kitu ana haki pia ya kukiumiza kilichokibeba?

Mwenye pupa hujibu kwa bisibisi. Huingiza ncha chini ya nembo, akaibetua, nayo hutoka pamoja na rangi. Rangi si urembo mtupu; ni nguo ya chuma, na chuma kilichovuliwa nguo hushikwa na kutu. Hivyo kosa la dakika moja huwa jeraha la miaka katika chombo kinacholisha nyumba ya mwendesha bodaboda.

Mwenye subira hutazama kwanza kinachoshikilia, yaani gundi. Gundi hulegea kwa joto. Kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto, kikakamuliwa na kuwekwa juu ya kibandiko kwa dakika chache, mara nyingi chatosha. Moto wenyewe hausogezwi karibu na tangi la petroli. Kisha pembe moja huinuliwa kwa ukucha, na kibandiko huvutwa polepole kikikunjwa kurudi nyuma. Nembo nene hukatwa gundi yake kwa mshipi wa kuvulia samaki, unaopitishwa nyuma yake huku na huko kama msumeno. Mabaki hulainishwa kwa mafuta ya taa kidogo, yaliyojaribiwa kwanza mahali pasipoonekana, kisha huoshwa kwa sabuni. Nembo iliyofunikwa na vanishi kiwandani huachwa ilipo, maana haitoki ila vanishi imeharibika.

Kazi ikiisha, aghalabu hubaki kivuli: palipofunikwa rangi ingali mbichi, na kandokando yake imepaushwa na jua. Aliyeondoa jina la zamani hakusema uongo, kwa kuwa mali ni yake. Lakini akibandika juu ya kivuli hicho jina la kiwanda chenye sifa zaidi, ili amwuzie mwingine kwa bei kubwa, amekuwa mwongo. Kufuta ni jambo moja, na kughushi ni jingine.

Ndivyo ilivyo katika kuonyana. Mazoea mabaya hushikamana na mtu kama gundi, na mzazi au mwalimu ana haki ya kuyaondoa. Akiyang'oa kwa matusi mbele ya watu, huyang'oa pamoja na heshima, na mahali hapo kutu ya chuki huanza kula. Akianza kwa joto la upendo, kazi huchukua muda mrefu zaidi, lakini mtu hubaki mzima. Ustadi wa mwondoaji haupimwi kwa kilichotoka mkononi mwake. Hupimwa kwa kilichobaki.