Kazi Isiyo na Ujira

Mwaka 2012 michezo ya Olimpiki ilipofanyika London, watu wapata 70,000 walijitolea kuwaongoza wageni na kuwahudumia wanamichezo. Fedha hawakulipwa, walipewa mavazi ya kazi, na chakula siku za zamu, malazi walijitafutia wenyewe. Basi twauliza: yeye aifurahiaye kazi yake, je, bado ametoa bure? Naam, ametoa. Furaha si mshahara, maana haina mapatano, wala hakuna awezaye kuidai. Lakini mkubwa wa michezo asiseme, "Furaha yawatosha," akawanyima kazi ya maana na neno la shukrani. Atoaye nguvu zake bure hakuitoa heshima yake pamoja nazo. Akidharauliwa asirudi tena, tusimlaumu.