Jungu Kuu Halikosi Ukoko

Wali wa nazi ukikaribia kukauka, mpishi wa pwani hupunguza moto chini, hufunika chungu, kisha hupalia makaa juu ya mfuniko. Ukoko huumbika wakati huo. Ni tabaka la chini kabisa, lililokaa karibu na moto kuliko punje nyingine zote, likakauka na kushika chungu. Mgeni hapakuliwi ukoko. Hubaki kule chini mpaka wali uishe, na hapo watoto huanza kugombania, huyu na kijiko, yule na vidole. Ukiwa mgumu, mama humwagia maji kidogo na kuuacha ulainike.

Shuleni methali hii tuliimaliza kwa sentensi moja: mtu mzima hakosi neno la hekima. Maelezo hayo si ya uongo, ila yamechota wali wa juu tu.

Tazama kwanza neno *kuu*. Methali haikusema jungu kubwa. Ukubwa ni wa kimo, na chungu kikubwa kisichowahi kupanda jikoni hakina ukoko hata chembe. Ukuu wa jungu umetokana na kupikiwa: harusi, matanga, maulidi, mwaka hadi mwaka. Basi si kila mwenye mvi anayesemwa hapa. Anasemwa aliyekaa juu ya moto wa maisha na hakukimbia.

Halafu *halikosi*. Kutokosa si kutoa. Jungu lina ukoko, lakini halijikwangui lenyewe. Methali nyingine tunayoipenda sana, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, humtisha kijana kwa adhabu. Hii haimtishi mtu. Inaeleza kilichomo ndani ya chungu kisha inanyamaza, na kazi ya kuinama na kukwangua inabaki kwetu. Mimi naiona ni methali nzito zaidi kuliko ile ya guu.

Tena ukoko hauonekani mpaka chungu kikaribie kuwa kitupu. Hilo nililielewa nikiwa mtu mzima, kando ya kitanda cha kamba.

Ujanani nilifanya kazi kwa fundi mmoja wa vyombo vya baharini, kaskazini mwa Unguja. Kwa miaka mitatu alinifundisha kushika tezo, kutafuta mti uliopinda wenyewe ili upate kufaa kwa mataruma, kukalafati kwa pamba iliyolowa mafuta mpaka chombo kisivuje. Yote hayo yalikuwa wali, nami nilishiba. Baadaye niliacha kazi ya mbao nikahamia mjini. Miaka ikapita, nikaletewa habari kwamba fundi kalala na hali yake si nzuri.

Nilimkuta amekonda, mikono tu ndiyo iliyobaki na ukubwa wake wa zamani. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," nami nikasema lile tunalolisema sote: "Utapona, fundi, inshallah." Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Safari yangu naijua. Kaa nikwambie habari ya ile mashua."

Mashua yenyewe aliiunda kabla mimi sijafika kwake. Mwenye chombo alikuwa na haraka, anataka iwe majini kabla ya kaskazi, na mbao zilikuwa bado mbichi. Fundi alijua, akazipigilia. Chombo kilikaa pwani juani, mbao zikanywea, nafasi zikafunguka. Safari ya kwanza kiliingia maji, na shehena yote ya mchele na sukari ikaharibika. Lawama ilimwangukia nahodha: watu walisema amegonga mwamba. Fundi alikuwepo pale pwani, akasikia nahodha akisemwa, akanyamaza. Yule nahodha hakupewa tena chombo, na alikufa kabla hajaombwa radhi.

"Mbao mbichi hunyamaza siku mbili tatu, halafu husema," aliniambia.

Nikamuuliza mbona hakunieleza wakati ule tuko kazini, kila siku bega kwa bega. Akajibu, "Wakati ule nilikuwa na jina la kulinda."

Jibu hilo ndilo lililonifungulia methali. Mwalimu mwenye afya hutufundisha anachokiweza, na ni haki yake, kwa sababu bado yumo sokoni na jina lake ni riziki yake. Anayejua kwamba anaondoka hana tena cha kulinda. Ndipo hufikiwa lile tabaka la chini, lililounguzwa na moto wenyewe: pale alipokosea, aliyemdhulumu, kilichomnyima usingizi. Ufundi wa tezo ningeweza kuupata kwa mwingine. Habari ya nahodha yule aliijua yeye peke yake.

Nami nilikaribia kuikosa. Lile "utapona" langu lilikuwa mfuniko. Tunawapenda wagonjwa wetu, na kwa mapenzi hayo hayo tunawaziba midomo. Mzee akianza kusema habari ya kuondoka, tunamkatiza: usijitabirie mabaya, acha maneno hayo, kunywa uji. Hapo hapo mmoja wetu anatoka nje kuuliza hati ya shamba iko wapi. Sheria ya Kiislamu imeuwekea mpaka wasia wa mali, usizidi theluthi. Wasia wa maneno haukuwekewa mpaka wowote, na ndio tusiouuliza.

Mwana Kupona binti Mshamu hakukubali kufunikwa. Alikuwa mzaliwa wa Pate, mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyempinga Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi wa beti zaidi ya 100. Mwanzoni kabisa anaeleza kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima na hajapata nafasi ya kumwambia neno jema, kisha anamwita aje akae karibu, na wino na karatasi. Hamfichi mtoto kwamba muda ni mfupi. Miaka miwili hivi baadaye alifariki. Jina lake Kupona, naye hakupona, lakini maneno yake yanasomwa mpaka leo Lamu na kwingineko.

Lakini yasomwe kwa macho mawili. Ukoko una sehemu iliyoiva na sehemu iliyoungua, na aliyewahi kuula anajua kuzitenga. Katika utendi huo huo Mwana Kupona anamwambia bintiye asimdharau mhitaji ajaye mlangoni, afanye haraka kumsaidia kwa alichonacho. Tena anamwonya asichanganyike na watumwa ila wakati wa kazi. Neno la kwanza ni chakula. La pili limeungua kwa moto wa zama zake, zama za watu kumiliki watu, na kulitema si kumvunjia heshima. Fundi wangu naye, katika saa ile ile ya kusema kweli, aliniusia nisimwamini kamwe mtu aliyejifunza kazi kwa fundi mwingine. Lile nililiacha pale pale kitandani. Kifo kinampa mtu ujasiri wa kusema. Hakimpi kinga ya kukosea.

Ulaini wa kukwangua nao ni sehemu ya adabu. Chungu kikikwaruzwa kwa nguvu hupasuka. Mgonjwa hahojiwi kama mshitakiwa. Humwagiwa maji kidogo: unakaa, unamkumbusha safari mliyosafiri pamoja, unanyamaza anaponyamaza, unarudi kesho yake. Fundi alinieleza habari ya mashua kwa siku nne, kipande kipande, na siku ya pili hakusema neno hata moja.

Ndugu msomaji, kama una mwalimu wako, fundi wako, bibi au babu aliyelala na hatarajii kuamka, nenda wiki hii. Ukibeba machungwa, beba na daftari. Akianza kusema habari ya safari yake, usimkatize. Vuta kigoda ukae.