Ridhaa si Sahihi Tu



Mwenzangu wa chumba anasoma sheria. Kila siku baada ya swala ya Alfajiri husoma kesi moja, hufunga kitabu, kisha hunisimulia: nini kilitokea, mahakama iliulizwa nini, iliamua nini, na kwa nini. Nikishindwa kuirudia kwa maneno yangu, yeye huhesabu kuwa hajaielewa, na hufungua kitabu tena.

Hivyo ndivyo nilivyoijua kesi ya Montgomery, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2015. Mjamzito mwenye kisukari hakuambiwa kwamba kwa wanawake wa hali yake kuna hatari ya asilimia 9 hadi 10 ya mabega ya mtoto kukwama wakati wa kuzaliwa. Mtoto akakwama, akapata ulemavu. Daktari alijitetea kuwa wakiambiwa, wengi wangeomba upasuaji. Mahakama ikaamua kwamba mgonjwa ana haki ya kuzijua hatari ambazo mtu wa hali yake angezijali, na kwamba kumdai sahihi kwenye fomu hakutimizi wajibu huo.

Je, jambo hili ni geni kwetu? Bibi Aisha (r.a.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) akiwa mgonjwa aliashiria asipewe dawa. Wakamtia kinywani, wakidhani ni kawaida ya mgonjwa kuchukia dawa. Alipopata nafuu aliwalaumu, akaagiza waliokuwemo nyumbani nao watiwe dawa hiyo, isipokuwa Abbas, ambaye hakuwapo. Nani aliyempenda kuliko wao? Hata hivyo, mapenzi hayakusimama mahali pa ridhaa.

Wapo wasemao kwamba mgonjwa asiyesoma atatishika bure. Aliyezimia na maisha yake yako hatarini ana hukumu yake. Lakini mwenye akili timamu, mwili ni amana aliyokabidhiwa yeye, na ndiye atakayeulizwa.

Hapa Uganda, mama asiyejua Kiingereza anaweza kuletewa fomu ya Kiingereza aweke dole gumba. Atakayeitwa kutafsiri ni wewe, msomi wa familia. Usimwambie, "Weka tu, Mama, madaktari wanajua." Mweleze faida, hatari na njia nyingine iliyopo, kisha mwombe akurudishie kwa maneno yake. Akishindwa, eleza tena. Na akielewa kisha akakataa, hata kama moyo wako unauma, mfikishie daktari jibu lake kama alivyolisema.

Wabillahi tawfiq.