Nani Ataimba Baada Yako?

Somo: 2 Timotheo 2:1-2



Zamani misafara ilipopita hapa Unyanyembe, kati ya Bagamoyo na Ujiji, wapagazi wa Kinyamwezi hawakubeba mizigo kimya. Mmoja alianzisha wimbo, wengine wakaitikia. Kijana alijifunza nyimbo hizo papo hapo njiani, mzigo ukiwa begani.

Mtakatifu Paulo amwagiza Timotheo kwamba yale aliyoyasikia awakabidhi watu waaminifu, nao wawafundishe wengine. Hesabuni: Paulo, Timotheo, waaminifu, na wengine. Vizazi vinne katika mstari mmoja!

Nawaletea habari za mama mmoja wa Marekani, Camilla Williams. Alizaliwa mwaka 1919 katika mji wa Danville. Baba yake alikuwa dereva, mama yake akifua nguo za watu. Alianza kuimba kanisani kwao angali mtoto. Mwaka 1943 alipata tuzo iliyoanzishwa na mwimbaji mashuhuri Marian Anderson kwa ajili ya vijana. Mwaka 1946 akaingia New York City Opera, mwanamke mweusi wa kwanza kupewa mkataba wa kudumu katika kundi kubwa la opera nchini humo. (Opera ni mchezo wa kuigiza ambao watu husemezana kwa kuimba, tena bila kipaza sauti, na aliye kiti cha nyuma kabisa lazima asikie.)

Tarehe 28 Agosti 1963, siku ya maandamano makubwa ya Washington, Marian Anderson alikwamishwa na umati wa watu. Aliyeimba wimbo wa taifa mahali pake ni Camilla Williams. Mlezi alikwama, aliyelelewa alikuwapo.

Mwaka 1977 akawa mwalimu wa sauti katika Chuo Kikuu cha Indiana, akafundisha hadi 1997. Alifariki mwaka 2012.

Wengine watasema alishuka, kutoka kwenye makofi ya jukwaani hadi chumba kidogo chenye mwanafunzi mmoja asiyejua kuvuta pumzi. Mimi sikubali. Sauti haifundishwi kwa karatasi. Mwalimu husikiliza, humsimamisha mwanafunzi, humrudisha mwanzo, na kesho vivyo hivyo. Hiyo ni kazi ya upendo, na haina makofi.

Katika kwaya niliyoimba ujanani palikuwa na mzee wa sauti ya nne. Alijua nyimbo ambazo hazikuandikwa popote. Tulipomwomba atufundishe, alisema vijana tutaziharibu. Tulimzika, na nyimbo zake tukazizika naye. Lakini nisimlaumu yeye peke yake: nilimwomba mara moja tu, kisha nikachoka.

Akina baba na akina mama mliowahi kuimba kwaya, vijana hufanya mazoezi kanisani kila Jumamosi saa kumi jioni. Msingoje waje kuwabishia hodi.