Dirisha la Ng'ombe Halikulipiwa Kodi

Mwaka jana nililipwa kwa kila neno nisifie nyumba ambazo sijawahi kukanyaga. Nilikuwa nimeacha chuo, kodi ya keja imefika, na mteja mmoja wa mtandaoni alitaka matangazo ya nyumba za mawe zinazouzwa mashambani Ufaransa. Anatuma picha, naandika. Ndivyo nilivyojua neno longère.

Hiyo ni nyumba ya mkulima, ndefu na nyembamba, kama zile za Bretagne. Chini wanaishi watu, juu kuna dari ya kuweka nafaka na nyasi. Mawe yalitoka papo hapo karibu, mara nyingi graniti, yakashikanishwa kwa udongo maana chokaa ilikuwa na bei. Ukuta ulifika nusu mita, hata zaidi. Mgongo wa nyumba ulipewa upepo na baridi, ukaachwa karibu bila tundu lolote. Familia ikiongezeka, nyumba inarefushwa tu pale mwisho. Watu upande huu, ng'ombe upande ule, wakati mwingine mlango ni mmoja, na joto la ng'ombe ndilo hita. Sakafu ilikuwa udongo ulioshindiliwa. Hapa kuna jambo ninalolipenda mno: sakafu ikiwa mpya, majirani walialikwa kuja kucheza ngoma juu yake, viatu vya mbao miguuni, hadi udongo ushikane.

Basi mimi nikaandika "madirisha madogo yenye mvuto wa kale". Mteja akafurahi.

Baadaye, nikitafuta maneno ya kujazia, nikakutana na kodi ya milango na madirisha. Ufaransa iliianzisha 1798, ikaifuta 1926. Matundu ya nyumba unamolala yanahesabiwa, unalipa. Ya zizi na ghala hayahesabiwi. Yaani dirisha la ng'ombe ni bure, la mtoto lina kodi! Sisemi kila dirisha dogo ni kosa la serikali. Baridi ilikuwepo, kioo kilikuwa ghali, na kupata jiwe refu la kubeba ukuta juu ya dirisha pana si mchezo. Lakini wapo waliokaa gizani kwa sababu mwanga ulikuwa na risiti. Na mimi nimeliita giza lao mvuto.

Ni haki kuuza shida ya mtu kama urembo, hata kama mwenyewe alishakufa?

Rafiki yangu, fundi wa mjengo, aliona nimezidi. "Buda, wafu hawasomi matangazo. Na nyumba isiponunuliwa inaanguka." Ana hoja. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vijana wengi wa vijijini kule walihamia mijini, nyumba zikabaki tupu. Paa likivuja, udongo ulio kati ya mawe unaoshwa, ukuta unaanza kumwaga mawe. Nyingi zimeokolewa na pesa za watu wa mjini na Waingereza wanaotafuta pa kupumzikia. Kuzipenda si dhambi.

Kinachonisumbua ni namna wanavyozipenda. Kuna wanaobambua plasta ya chokaa ili mawe yaonekane, ati ndiyo asili, ilhali kuta nyingi zilipakwa na wenyewe wa zamani ili mvua isipenye. Wengine wanaziba kwa saruji. Unyevu unakosa pa kutokea, ukuta unalegea kutoka ndani. Tangazo langu lilikuwa la ukoo huo huo. Naona sasa kwamba unaweza kusifu ukuta utakavyo, mradi useme pia kwa nini ulijengwa hivyo. Nani alikuwa akiokoa nini, na kwa sababu gani.

Tangazo lililofuata nikatia sentensi mbili kuhusu ile kodi ya madirisha. Mteja akazifuta, akaandika pembeni kwamba zinamhuzunisha mnunuzi. Sikubishana; mwenye nyumba alikuwa ameshanipigia mara mbili asubuhi hiyo. Nikalipwa maneno yote isipokuwa yale 26.